Mwongozo kamili: kuchora mandhari ya ziwa kwa njia ya Kuroda Seiki

Ukimwambia mchoraji achanganye sanaa ya Japani na ya Ulaya, mara nyingi atakimbilia alama: Mlima Fuji kwa nyuma, tawi la cheri pembeni, mwavuli wa karatasi. Kinachotoka ni kadi ya posta. Wachoraji wa Kijapani walioifanya kazi hiyo kikweli mwishoni mwa karne ya 19 waligawa majukumu. Mpango wa picha, yaani wapi pawe pazito, wapi paachwe patupu na nini kikatwe ukingoni, waliutoa nyumbani. Rangi ya hewa na ya kivuli waliitoa Ufaransa. Mwongozo huu unafuata mgawo huo, na picha ya kuigia ni Kohan, yaani Kando ya Ziwa, ya Kuroda Seiki.

Kuroda alizaliwa Kagoshima mwaka 1866. Alikwenda Ufaransa mwaka 1884 kusoma sheria, akaiacha na kuingia kwenye uchoraji chini ya mchoraji Mfaransa Raphaël Collin. Kuanzia 1890 alifanya kazi katika kijiji cha Grez-sur-Loing, nje ya Paris, akichora wazi chini ya anga. Alirudi Japani mwaka 1893, na mwaka 1896 akashiriki kuunda chama cha wachoraji cha Hakubakai na kuanza kufundisha katika idara mpya ya uchoraji wa Kimagharibi kwenye Shule ya Sanaa ya Tokyo. Kohan aliichora mwaka 1897 huko Hakone, kando ya Ziwa Ashi: mwanamke, ambaye baadaye alikuwa mkewe, ameketi na kipepeo cha kujipepea, cha duara, mkononi, na nyuma yake ni maji na milima. Picha ina ukubwa wa sentimita 69 kwa 84.7, na mwaka 1900 ilipelekwa kwenye Maonesho ya Dunia ya Paris.

Waliomtangulia walichora vivuli kwa kahawia nzito, wakabandikwa jina la yani-ha, watu wa utomvu. Kuroda na wenzake walichora vivuli vya buluu na urujuani, nao wakaitwa murasaki-ha, watu wa zambarau. Majina yote mawili yalikuwa ya kejeli, ila la pili linakuonyesha moja kwa moja kazi ngumu iko wapi: kwenye kivuli.

Jambo moja liwekwe sawa mapema. Kuroda hakuwa mwimpreshonisti kama Monet, yaani mchoraji anayejenga picha nzima kwa miguso mifupi ya rangi. Collin alikuwa mtu wa akademia, yaani wa uchoraji rasmi wa shule, aliyelegeza rangi zake, na mwanafunzi alirithi hilo: mchoro wa mtu unabaki thabiti, mandhari ndiyo inayolainika. Ukijaza nukta za rangi picha nzima, umetoka kwake.

Vifaa

Turubai ya sentimita 40 kwa 50 inatosha, na uwiano wake unakaribia wa Kohan. Ukiinunua tayari imepakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, ipake jeso tabaka moja zaidi. Ukiitengeneza mwenyewe kwa kitambaa cha pamba kizito, paka tabaka tatu. La kwanza liongezee maji kidogo lipenye, subiri likauke kabisa, sugua kwa msasa namba 220, kisha endelea. Kwenye tabaka la mwisho changanya rangi kidogo ya akriliki, ocha (njano ya udongo) na tone la buluu, upate rangi ya mchanga mkavu. Usiache turubai nyeupe. Juu ya nyeupe kila rangi unayoweka huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo unaongeza nyeupe, na picha inaisha imepauka. Baada ya jeso subiri siku tatu kabla ya kuweka rangi ya mafuta.

Rangi ni saba: nyeupe ya titani (tyubu ya mililita 200), na tyubu za mililita 37 au 40 za altramarini (buluu), kobalti (buluu), alizarini ya kudumu (nyekundu), viridiani (kijani), ocha ya njano na manjano mepesi ya kadmiamu. Kobalti halisi ni ghali. Ya kuiga inafaa kwa kujifunzia, mradi uipime nguvu yake kwanza, kwa sababu nyingi zina rangi kali zaidi. Nyeusi na kahawia ziache nyumbani. Ukitaka giza kuu, changanya altramarini sehemu 2, alizarini 1 na viridiani 1. Unapata giza linalokaribia weusi, na unaweza kulivuta kuelekea ubaridi au joto.

Duka la vifaa vya ujenzi ukiomba rangi ya mafuta utapewa ile ya milango na mageti. Ndiyo iliyozaa picha za Tingatinga pale Dar es Salaam, na kwa ubao na mistari safi ni bora. Kwa kazi hii haifai: inafunga ngozi haraka, inang'aa sana, na haikupi muda wa kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine.

Brashi: mbili bapa za manyoya magumu, namba 10 na 6, moja bapa laini ya upana wa sentimita 4, na moja nyembamba ya ncha. Ongeza kisu cha kuchanganyia, mafuta ya kitani, tapentaini isiyo na harufu kali, vitambaa, na wino mweusi na karatasi kwa ajili ya hatua ya pili. Kwa turubai ya ukubwa huu utatumia nyeupe karibu mililita 40. Rangi nyingine haitazidi 10 kila moja.

Hatua ya 1: Saa na mahali

Hakone iko karibu nyuzi 35 kaskazini ya ikweta, ambako hata kiangazi jua la adhuhuri haliji utosini. Anayechora Mwanza, Kisumu au Bujumbura ana tatizo tofauti: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kivuli kiko chini ya kitu chenyewe, mwanga unatoka juu, na maji yanameta hadi umbo linapotea. Fanya kazi saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, basi kipindi kimoja kisizidi saa moja na nusu. Ukipita hapo unachora vivuli vya wakati mwingine juu ya vile ulivyoanza navyo. Rudi kesho yake saa ileile.

Siku ya mawingu mepesi ni nzuri kuliko wanaoanza wanavyodhani. Kohan haina mabaka makali ya jua. Ni mwanga uliotawanyika kwenye hewa yenye unyevu. Chini ya mawingu unaweza kukaa saa tatu mfululizo bila kivuli kukukimbia.

Tafuta mahali penye mambo matatu tu: kitu kizito karibu (mwamba, mtumbwi, mtu ameketi), maji mapana, na ng'ambo yenye kilima au mstari wa miti.

Hatua ya 2: Mpango wa giza na mwanga

Hapa ndipo Ujapani ulipo, na wengi huruka. Kwa Kijapani mpango huu huitwa nōtan. Kata visanduku vitatu vya sentimita 8 kwa 10 kwenye karatasi. Kwa brashi na wino, chora mandhari kwa thamani (viwango vya giza na mwanga) mbili tu: nyeusi tupu na karatasi tupu. Hakuna kijivu, hakuna mstari wa kuzungushia. Kila kitu lazima kiamue kiko upande gani, na vitu viwili vya giza vinavyogusana vinakuwa umbo moja.

Kila kisanduku kikidhi masharti haya. Giza lichukue karibu theluthi moja ya eneo. Nusu kwa nusu hulipoza jicho. Ufuo wa ng'ambo uwe juu. Kwenye turubai ya kimo cha sentimita 40, uweke kama sentimita 11 kutoka ukingo wa juu, ili maji yawe uwanja mkuu. Kitu cha mbele kikatwe na angalau ukingo mmoja wa picha, kama alivyofanya Hiroshige, mchoraji wa michapisho ya mbao, katika picha zake za Edo (Tokyo ya zamani) za 1856 hadi 1858, ambako shina la mti au taa hukatwa bila huruma mbele ya macho yako. Na paachwe eneo moja kubwa lisilo na kitu, likae upande mmoja, si katikati.

Utupu huo ndio utakaokusumbua. Mkono utataka kuongeza ndege, mtumbwi wa pili, jani linaloelea. Kwenye michapisho ya Kijapani eneo tupu lina kazi: linapima umbali na linalipa uzito lile lililo zito. Ukilijaza, mwamba wako wa mbele unakuwa mwamba tu.

Ukipata kisanduku kinachosomeka ukiwa umbali wa mita tatu, kichore tena kwa thamani tatu: giza, kati, mwanga. Hicho ndicho ramani yako hadi mwisho.

Hatua ya 3: Kuhamisha

Gawa kisanduku na turubai kwa mistatili minne upana na minne kimo, kwa penseli hafifu. Chora mipaka ya maumbo makubwa kwa brashi nyembamba na altramarini iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Mstari wa buluu ukibaki unaonekana hapa na pale mwishoni, unageuka sehemu ya kivuli. Penseli nzito au mkaa huchafua rangi nyepesi za juu na kuzifanya kijivu. Kama kuna mtu, hapa ndipo utumie muda: kichwa, bega, goti na mkono viwe mahali pake kabla ya rangi yoyote.

Hatua ya 4: Marundo saba

Changanya rangi zote kuu kabla ya kugusa turubai. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Nguvu hutofautiana kati ya watengenezaji. Neno "tone" hapa ni kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu.

Anga: nyeupe 8, kobalti nusu, ocha nusu, tone la alizarini. Kilima cha mbali: nyeupe 6, altramarini 2, alizarini nusu, ocha nusu. Miti ya ng'ambo iliyo karibu zaidi: nyeupe 4, viridiani 1, altramarini 1, ocha 1, tone la alizarini. Maji ya mbali: nyeupe 7, kobalti 1, tone la alizarini. Maji ya karibu: nyeupe 4, kobalti 1, viridiani nusu, ocha nusu. Jiwe penye mwanga: nyeupe 5, ocha 2, alizarini robo, tone la altramarini. Kivuli cha mbele: nyeupe 3, altramarini 1, alizarini nusu, ocha nusu.

Ocha iko karibu kila mahali, na kuna sababu. Inaivunja buluu kidogo, na marundo yote yanakuwa na damu moja. Ukiiondoa, kilima kinakuwa cha peremende.

Paka kipande cha kila rundo kwenye karatasi, piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe. Maji ya mbali na anga yawe karibu sawa, kilima kiwe hatua moja chini yake, kivuli cha mbele kiwe chini kuliko vyote ila giza lako kuu. Kama kilima na kivuli cha mbele vinalingana, ongeza nyeupe kwenye kilima. La sivyo mbali na karibu vitagandana.

Hatua ya 5: Tabaka la kwanza, bapa

Yeyusha kila rundo kwa tapentaini peke yake, bila mafuta, liwe jepesi kama maziwa. Jaza kila umbo kwa rangi moja tambarare, ukianzia giza. Usitie kivuli ndani ya umbo, usitie mng'ao. Baada ya dakika 30 au 40 unatakiwa uwe na picha inayofanana na chapisho la mbao: maumbo matano au sita, kila moja na rangi yake, yakigusana ukingo kwa ukingo. Rudi nyuma mita tatu. Kama mandhari haisomeki hapa, hakuna mguso wa juu utakaoiokoa, na kurekebisha ni rahisi sasa kwa kitambaa chenye tapentaini.

Iache siku moja au mbili. Pwani, wakati wa mvua, inaweza kuchukua zaidi.

Hatua ya 6: Kivuli

Nje, kivuli hakikosi mwanga. Kinakosa jua tu. Bado kinapokea mwanga wa anga nzima, na anga ni buluu, ndiyo maana jiwe la kijivu linaingia ubaridi upande wa pili wa jua. Pembeni yake kuna eneo lililopigwa na jua lenye unjano, na jicho likikaa kwenye njano husukuma cha jirani kuelekea urujuani. Rangi ya zambarau ya Kuroda inatokana na hayo mawili.

Tumia mchanganyiko wa mafuta ya kitani sehemu 1 na tapentaini 3. Chukua rundo la kivuli na uligawe mara tatu. La kwanza liache lilivyo. La pili litie kobalti kidogo: hili linakwenda kwenye sehemu za kivuli zinazotazama juu, kwa sababu ndizo zinazoona anga. La tatu litie ocha na tone la alizarini: hili ni la sehemu zinazotazama chini, ambazo hupokea mwanga uliorushwa na mchanga au majani. Zote tatu ziwe na thamani ileile. Geuza picha ya simu nyeusi na nyeupe: kivuli kionekane kipande kimoja kisicho na mabaka. Rangi zibadilike, uzito usibadilike. Kanuni hii peke yake ndiyo inayotenganisha kivuli chenye hewa na kivuli chenye madoa.

Nguo nyeupe kivulini ni kipimo kizuri: nyeupe 4, kobalti 1, alizarini robo. Ukiitazama peke yake kwenye paleti utaapa ni buluu. Ikikaa karibu na ngozi, inarudi kuwa nyeupe.

Hatua ya 7: Maji

Maji ya karibu huwa mazito kuliko ya mbali. Unapotazama karibu na miguu unatazama karibu wima kwenda chini na kuona ndani. Ukitazama mbali, uso wa maji unakurudishia anga. Ndiyo sababu ya kuwa na marundo mawili.

Wachapishaji wa ukiyo-e, picha za Kijapani za kuchapwa kwa mbao, walikuwa na njia iitwayo bokashi: walilowesha ubao na kupaka rangi ili ififie taratibu kutoka nzito hadi tupu, mara nyingi kwa buluu ya Prussia iliyotoka Ulaya, ileile iliyotia nguvu picha za Hokusai za Mlima Fuji miaka ya 1830. Kwenye mafuta fanya hivi. Weka maji ya karibu chini na ya mbali juu kwa brashi namba 10, yakiacha ukanda wa sentimita 5 katikati. Ukanda huo ujaze kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Kisha brashi laini pana, kavu kabisa, pitisha kutoka upande hadi upande bila kushuka wala kupanda, ukiifuta kwenye kitambaa kila baada ya mipitisho miwili. Usipoifuta, inabeba rangi nzito kwenda juu na ufifiaji unakufa.

Juu ya hapo, na hapo tu, weka miguso ya brashi ya Kifaransa: mistari mifupi ya mlalo, isiyozidi 20 au 30 uwanja mzima, baadhi ya kobalti safi yenye nyeupe, baadhi ya urujuani hafifu, michache ya rangi ya anga. Ikaribiane mbali na iachane karibu. Ukishindwa kujizuia, jua kwamba maji ni lile eneo tupu uliloliapia kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 8: Kingo na kumalizia

Kwa tabaka hili mafuta na tapentaini viwe sawa kwa sawa. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Tabaka la juu lenye mafuta machache hukauka kwanza, la chini linaendelea kusogea, na picha inapasuka.

Ukingo mkali ubaki mahali pawili au patatu mbele: mstari wa uso kwa upande, ukingo wa mwamba juu ya maji. Ufuo wa ng'ambo ulainishe kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Manjano ya kadmiamu, ambayo hukuitumia hadi sasa, ina kazi ndogo: tone moja ndani ya nyeupe kwa pale jua linapogusa kitu cha mbele. Mahali pakizidi pawili, hakuna tena linaloonekana.

Yanayoharibika

Zambarau ya matope hutoka kwa kuchanganya rangi nyingi mno kwa pamoja, au kwa brashi chafu. Osha, changanya upya, usijaribu kuiponya kwa alizarini zaidi. Picha kupauka kama chaki ni nyeupe nyingi kwenye vivuli: kwangua kwa kisu, weka upya na ocha. Mtu kuonekana amebandikwa juu ya mandhari hutokana na kivuli chake kuwa na rangi ambayo haipo popote kwingine. Chukua kivuli cha mwamba ukitie kwenye nguo yake, na kidogo cha nguo kwenye maji. Uso wa picha ukiwa na mabaka yasiyong'aa, tabaka la chini limenyonya mafuta. Pitisha mafuta ya kitani membamba mno kabla ya kuendelea.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vianike vimetandazwa nje, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Usisugue kwa msasa rangi kavu yenye kobalti au kadmiamu, na usile ukiwa kazini.

Picha ikauke wima mahali penye hewa na mwanga; gizani mafuta ya kitani huwa manjano. Vanishi isubiri miezi sita, na mwaka mzima kama uliweka rangi nene. Chagua isiyong'aa, kwani vanishi yenye mng'ao itafanya kivuli chako chote kionekane kimeloa.